Nguo za Idi na Maua ya Mbaazi

Bibi mmoja wa Chinongwe, kati ya Ruangwa na Nachingwea, ametuletea suala ambalo twaona yafaa lijibiwe mbele ya wasomaji wote. Alipanda mbaazi za kwao mwezi wa Desemba. Jirani yake, aliyekuwa akiuguza mtoto, hakuwahi kupanda mpaka mwisho wa Januari. Mashamba yote mawili yakachanua yakipishana siku chache tu. Lakini kipande cha tatu, alichokipanda kwa mbegu aliyouziwa na mtu aliyesema imetoka Babati, kilirefuka kikajaa majani ya kupendeza, kisha kikachanua udongo ulipokwisha kukauka. Alivuna maganda matupu, na fedha ya sare na madaftari ya wanawe ilikuwa katika kipande hicho. Auliza: ni nani aliyeziambia mbaazi za kwao wakati wa maua, na kwa nini zile ngeni hazikusikia?

Sehemu ya kwanza ya jawabu yajulikana tangu zamani. Mwaka 1920 Wamarekani wawili, Garner na Allard, walionyesha ya kwamba mimea mingi huchanua kwa kupima urefu wa mchana na usiku. Mbaazi za kwetu ni katika ile ingojayo mchana ufupike. Chinongwe iko karibu na nyuzi 10 kusini ya Ikweta. Mchana wa Desemba hupita saa 12 na nusu, na wa Juni hukaribia saa 11 na nusu. Tofauti hiyo ya saa moja na dakika chache sisi huitambua kwa kuwahi au kuchelewa kwa Magharibi, nayo mbaazi huitambua kwa majani yake. Kwa hiyo aliyewahi kupanda na aliyechelewa walikutana kwenye maua. (Miezi yetu ya Kiislamu huzunguka misimu yote, mbaazi haina khabari ya Rajabu wala Shaabani, saa yake ni ya jua.)

Lakini ua lenyewe lilikuwa wapi miezi yote hiyo? Hapa ndipo ilimu ya karibuni ilipoleta jambo la ajabu. Kila chembe ya mmea, tangu ulipokuwa mbegu, inayo maagizo yote ya kutengeneza ua. Maagizo hayo, yaitwayo jeni, yameandikwa katika uzi mrefu wa urithi, nao uzi umezungushwa juu ya vijigurudumu vya protini viitwavyo histoni. Uzi pamoja na vijigurudumu vyake huitwa kromatini. Pale ulipolegea, agizo husomeka na kutendeka. Pale ulipokazwa na kutiwa alama za kuufunga, agizo hunyamaza, ingawa hapana hata herufi moja iliyofutwa. Ni kama sanduku la nguo. Nguo za Idi zimo siku zote, zimekunjwa chini kabisa, na hapana azivaaye mpaka mwezi uandame.

Mambo haya yamechunguzwa kwa undani zaidi katika mmea mdogo wa ukoo wa kabichi na haradali, uitwao Arabidopsis, ambao humea pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki. Aina zake nyingi za nchi za baridi zina jeni iitwayo FLC, ambayo kazi yake ni kulizuia ua. Bibi Caroline Dean na wenziwe, katika mji wa Norwich huko Uingereza, walionyesha jinsi baridi ya majuma mengi inavyoifunga jeni hiyo chembe moja baada ya moja. Katika kila chembe ama imefungwa ama haikufungwa, hapana nusu. Kadiri baridi inavyodumu ndivyo chembe zilizofungwa zinavyozidi. Joto likirudi, kifungo hubaki, na chembe zikigawanyika, watoto wao hurithi ukimya ule ule. Mmea, usio na ubongo, umekumbuka masika ya baridi yaliyokwisha.

Mbaazi haingoji baridi kali ya namna hiyo. Lakini hata jeni itoayo ujumbe wa ua ndani ya jani, katika mmea huo huo mdogo, hufungwa kwa alama za namna moja na hizo, mpaka urefu wa mchana uwe ule utakiwao. Ndipo ujumbe, ambao mwaka 2007 ulithibitishwa kuwa ni protini ndogo, husafiri kutoka jani hadi nchani.

Ama zile za Babati, ziliona mchana ukifupika kama wenzao. Kilichozichelewesha ni joto. Uchunguzi uliofanywa Kenya katika mashamba ya miinuko mbalimbali ulionyesha kuwa mbaazi za muda mrefu huchanua upesi zaidi penye joto la karibu nyuzi 18, na za muda mfupi karibu nyuzi 24. Mbegu ya nyanda za juu ikiletwa Chinongwe hungoja ubaridi usiokuja upesi. Kwa hiyo anunuaye mbegu asiulize jina na bei tu, aulize pia imezoea nchi ya namna gani, na ni ya muda mrefu kama Mali au ya muda mfupi kama Komboa.

Bibi huyo aongeza suala la pili: punje chache alizopata katika kipande kile, akizipanda mwaka hata mwaka, je, zitazoea? Kumbukumbu ya baridi tuliyoieleza hufutwa mbegu inapoumbika, na kila mche huanza upya. Kuishi Chinongwe peke yake hakuufundishi mmea kitu. Kinachorithiwa ni herufi zenyewe. Basi na atazame miche itakayotangulia kuchanua, aifunge kitambaa ili aitambue, na mbegu ya mwaka ujao aitoe katika hiyo peke yake. Tena aipande mbali na shamba lake la zamani, kwa kuwa nyuki huchanganya chavua za mbaazi, na asipoangalia ataiharibu mbegu ya kwao iliyo njema kwa kutaka kuitengeneza ile ya mgeni.