Mtoto si pensheni

Msibani Tanga mwaka jana, shangazi yangu alisukuma pembeni ungo wa mchele, akanishika mkono, akaniuliza mbele ya wanawake wote wa jikoni: "Mwanangu, wewe utakuja kuzikwa na nani?"

Nina miaka 43 na nina mume. Hatukujaribu tukakosa, tuliamua kutozaa. Neno hilo ndilo watu wasilolitaka. Ukiwaambia unaumwa watakuombea dua, ukisema umechagua unakuwa mbinafsi, na mumeo anashauriwa aongeze mke.

Kuhusu kuzikwa, jibu lilikuwa linapita uani muda uleule: jeneza mabegani mwa vijana wa mtaa, wengi wao hata hawakumjua marehemu. Maziko ni faradhi kifaya, wajibu wa jamii nzima. Haulizwi mtu kama maiti alizaa.

Lakini chini ya swali la shangazi kuna imani nyingine, na hiyo naipinga kwa nguvu zangu zote: kwamba mtoto ni akiba ya uzeeni. Nilipokuwa namuuguza mama hospitalini, kwenye kitanda cha jirani alilala bibi aliyezaa watoto saba. Chini ya mto aliweka kipande cha boksi la sabuni, namba saba zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Kila jioni alinipa nimpigie. Walikuwa wakipokea wawili tu. Mmoja, dereva wa bodaboda mwenye watoto wanne na kodi ya miezi miwili, alilia kwenye simu. Siwezi kumlaumu. Uji wa bibi alinywesha binti wa muuza maandazi wa pale getini, wala hawakuwa ndugu.

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kuwalipa Pensheni Jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi, wazee wote waliofikisha miaka 70. Hao ni watu wa kizazi kilichozaa sana. Kama watoto wangekuwa bima, nani angeihitaji pesa hiyo?

Kumzaa mtu kwa hofu ya upweke wako ni kumleta duniani akiwa na deni ambalo hakulikopa. Ndiyo, wapo watoto wanaowatunza wazazi kwa mapenzi makubwa. Mimi nilimtunza mama hadi mwisho. Nilifanya hivyo kwa sababu nilimpenda, na hakuwahi kunidai.

Shangazi ana watoto watano. Dawa zake za presha namnunulia mimi, kila mwezi, na nitaendelea kumnunulia. Ninachomwomba ni asiniulize tena mbele za watu.