PANSIO YA MUTOTO WETU KULE UINGEREZA



Ulizo la mwezi huu linatoka kwa papa mumoja wa Likasi. Binti yake ana miaka 34, anakaa Uingereza. Alifanya kazi miaka sita katika nyumba ya kutunza wazee, nyumba ya patro, si ya Leta. Sasa ameingia kazi katika hospitali ya Leta. Kule kazi ya kwanza ilibaki feza ya pansio kwa jina lake, na amesikia kwamba anaweza kuihamisha iingie katika pansio ya hospitali. Papa anauliza: ni vizuri ahamishe? Na anaongeza ulizo lingine, ambalo naona ndilo linamuuma roho zaidi: kwa nini asitoe ile feza yote, tumalize nyumba?

Papa, nitaanza na hili la pili, sababu jibu lake ni fupi na linaweza kuokoa mutoto.

Hawezi. Sheria ya Waingereza inafunga feza ya pansio mpaka mutu afikishe miaka 55, na tangu tarehe 6 Aprili 2028 itakuwa miaka 57. Njia iliyo wazi mbele ya hapo ni ya mutu mugonjwa sana, na wachache wengine ambao sheria imewataja. Lakini kule wako watu wanaozunguka wakisema: "Mimi nitakutolea feza yako leo, nipe paka sehemu kidogo." Mutoto akikubali, serikali itamudai kodi ambayo inaweza kufika 55 kwa 100 ya feza ile, na yule mudanganyifu naye amekwisha kukata sehemu yake. Nyumba itajengwa na nini tena? Tangu Januari 2019 sheria ya kule inakataza mutu kumupigia mwingine simu juu ya pansio bila kuombwa. Basi anayepiga simu namna ile amekwisha kuvunja sheria, hata kama anasema Kiswahili cha Kolwezi na kusalimia kama ndugu wa kanisa. Papa, usiwe wewe unayemusukuma binti kwa mikono ya watu hao. Mutoto anayesikia mama na papa wanalia kwa simu kila juma anaweza kuweka sahihi yake pabaya.

Sasa ulizo la kwanza.

Kule Uingereza, tangu 2012, sheria inalazimisha patro kuingiza wafanyakazi wake katika mupango wa pansio, kama mutu ana miaka 22 au zaidi na mushahara wake unapita paundi 10,000 kwa mwaka. (Paundi ndiyo ile tunaita kwa Kifaransa livre.) Tangu 2019 kinachowekwa ni 8 kwa 100 ya sehemu ya mushahara, na katika hiyo patro anatoa angalau 3. Wafanyakazi wengi wa mishahara midogo wako katika mupango unaoitwa NEST, ambao serikali iliuanzisha kwa ajili ya sheria hii. Pansio ya namna hii ni sanduku. Feza inaingia, inatumwa kwenye biashara, inaongezeka au inapunguka. Siku ya uzee unafungua na kukuta kilichomo. Ukila yote, imekwisha.

Pansio ya hospitali za Leta haiko sanduku. Ni ahadi. Tangu 2015 mupango ule unahesabu hivi: kila mwaka wa kazi unakupa sehemu moja ya 54 ya mushahara wa mwaka ule. Mutu aliyelipwa paundi 27,000 kwa mwaka, amepata pansio ya paundi 500 kwa mwaka, mpaka kufa kwake. Mwaka unaofuata anaongeza nyingine juu yake. Na zile 500 hazilali: akiwa angali kazini, kila mwaka zinapandishwa kufuata bei za vitu, pamoja na 1.5 kwa 100 zaidi. Mufanyakazi anakatwa sehemu yake, na mwajiri anatoa zaidi ya 20 kwa 100. Linganisheni na zile 3 za patro wa kwanza.

Sisi watu wa migodi hatuhitaji mwalimu kutuonyesha tofauti ya sanduku na ahadi. Katika 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ile "départ volontaire" iliyosaidiwa na Banki ya Dunia. Walipokea feza mara moja. Wako waliojenga, wako walionunua mashamba, na wako ambao feza iliisha mbele ya watoto kumaliza masomo. Hilo ni sanduku. Lakini ahadi nayo tuliiona. Wazee waliongojea pansio katika zaire waliona namna zaire ilivyokufa mukononi: Oktoba 1993, zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000. Ahadi ambayo hesabu yake haifuati bei za soko ni karatasi tu. Kwa hiyo mutu akikuambia "pansio ya Leta", ulizo la kwanza ni hili: inapanda na bei, ao inalala? Hii ya hospitali inapanda. Njo sababu naisemea vizuri.

Kuhamisha kunafanyika hivi. Sanduku linafungwa, feza yake inalipwa kwa mupango wa hospitali, na mupango unamuandikia binti pansio zaidi ya kila mwaka. Ni ngapi? Inategemea miaka yake na tabla za hesabu za siku ile. Anaomba kwanza wamuhesabie. Kuomba hesabu si kukubali. Akishaiona kwenye karatasi, ndipo anachagua.

Lakini iko saa. Ombi la kuhamisha linapaswa kufika katika miezi 12 tangu alipoingia mupango. Miezi 12 ikipita, mulango umefungwa. Karatasi za sanduku la zamani zinaweza kukawia, basi asingoje mwezi wa kumi na moja. (Kama angeingia kazi ya komuni, kule wanahesabu sehemu moja ya 49, na miezi ni 12 vilevile, ila wakubwa wa kule wanaweza kuongeza muda wakikubali.)

Sasa kinachopotea, maana kiko. Akishahamisha, feza hairudi sandukuni: tangu Aprili 2015 sheria inakataza kutoa pansio ya hospitali za Leta na kuipeleka katika sanduku. Ile ruhusa ya kuchukua feza kwa kipande akifika 55 ao 57 inakwisha. Na liko neno ambalo wazazi wanapaswa kulisikia. Sanduku, mwenyewe akifa, linaweza kwenda kwa yule aliyeandika jina lake, hata mama yake wa Likasi. Ahadi ya hospitali, pansio ya kila mwezi inayobaki ni ya mume ao mwenzi wake, na ya watoto. Wazazi kwa kawaida hawako ndani. Iko feza ya mara moja kama akifa angali kazini, na kwa hiyo anaweza kuandika jina la anayetaka. Binti asiye na mume wala mutoto, anayelisha wazazi, afikiri juu ya hilo kwa utulivu.

Tena kama anawaza kurudi kwetu akiwa muzee, ajue hili. Pansio ya kawaida ya serikali ya Uingereza, ile inayotaka angalau miaka 10 ya kulipa na 35 kwa kuipata yote, haipandi tena kwa mutu anayekaa Kongo: inabaki pale ilipokuwa siku ya kwanza aliyoipokea hapa. Hii haihamishwi popote. Lakini pansio ya hospitali inaendelea kupanda hata kama anaipokea Lubumbashi. Inafuata bei za Uingereza, si za soko letu, lakini inapanda.

Kwa maoni yangu, mutu wa miaka 34 anayetaka kubaki katika kazi ile, mwenye afya, na sanduku lisilo kubwa, afanye haraka kuomba hesabu, na kama hesabu ni nzuri ahamishe. Anayejua ataacha kazi ile hivi karibuni, ao sanduku lake lina ahadi za pekee ndani, asihamishe mbele ya kuuliza. Ofisi ya pansio ya hospitali inajibu. Iko pia MoneyHelper, kazi ya serikali ya kule, ambayo inashauri bure. Bure kabisa. Anayemuomba kitu kwa feza ile, amukimbie.

Basi papa, ukimupigia simu juma hili, acha kwanza habari ya mabati. Mwulize aliingia hospitali tarehe gani, na mufanye hesabu ya miezi pamoja.