Askofu Asiye na Kihamba

Kwa mtu wa mlimani, kihamba ni zaidi ya shamba. Ndimo ilimo migomba na mibuni, ndimo walimozikwa wazee, na mwanamume asiye nacho huhesabiwa kuwa bado hajasimama. Kwa hiyo yatupasa kulitazama upya jambo tulilolizoea mno: kwamba kwa zaidi ya nusu karne Wakatoliki wa Kilimanjaro waliongozwa na watu walioweka nadhiri ya ufukara. Munsch, aliyekabidhiwa Vikarieti ya Kilimanjaro mwaka 1910; Gogarty aliyemfuata; Byrne, aliyeanza mwaka 1932 na kuliona Jimbo la Moshi likizaliwa mwaka 1953; na Joseph Kilasara, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, mwaka 1960. Wote walikuwa watawa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Nasema kwamba ufukara huo ulikuwa nguvu yao ya kazi, na kwamba sisi waumini wa leo tunawanyang'anya viongozi wetu nguvu hiyo huku tukidhani tunawaheshimu.

Ushahidi wa mbali kwanza. Mwaka 1233 mtawa wa Kidominiko aitwaye Clement alifanywa askofu wa Dunblane, huko Uskoti, miaka mitatu tu tangu ndugu zake wa shirika, watu walioishi kwa kuomba, waingie nchi hiyo. Alikuta kanisa kuu halina paa, ibada ikiendeshwa na kasisi mmoja wa kijijini, na mapato ya askofu hayatoshi hata nusu mwaka. Shauri lilifika Roma. Mwaka 1237 Papa Gregori wa Tisa aliagiza kwamba, ikiwezekana, robo ya zaka za parokia zote za jimbo itengwe kwa ajili ya askofu na mapadre wa kanisa kuu. Ikishindikana, kiti kihamishiwe kwenye monasteri ya Inchaffray. Clement alibaki Dunblane, akaanza kujenga, na alipofariki mwaka 1258 jimbo lilikuwa limesimama tena. Mtu ataniambia: kumbe naye alidai mali! Naam, alidai, wala silifichi. Lakini tutazame mali hiyo ilielekea wapi. Katika zama ambazo zaka za kanisa mara nyingi zilishikwa na mabwana na koo zao, yeye hakuwa na mtoto wa kumrithisha wala boma la kulipanua. Mwombaji asiye na mfuko wake huweza kuomba kwa sauti kubwa, kwa kuwa kila mtu anaona anamwombea nani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo latoka hapa hapa kwetu. Wapo wasemao kwamba mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliingia mlimani pamoja na ukoloni, na kwamba misheni zilijipatia ardhi kubwa, hata kama padre mmoja mmoja hakuwa na kitu. Hilo lina ukweli. Padre Le Roy wa shirika hilo na wenzake walifika Kilema mwaka 1890 na kupewa mahali na Mangi Fumba, wakati Wajerumani nao walikuwa wakijiimarisha mlimani. Nadhiri ya mtu mmoja haiitakasi hesabu ya shirika zima. Lakini pingamizi hili haliiangushi hoja yangu, bali laidai zaidi: ufukara wa kiongozi wapaswa kufika mpaka kwenye daftari la taasisi. Hata hivyo tusiwanyime maaskofu wale haki yao. Mwaka 1931, mwishoni mwa uongozi wake, Gogarty alianzisha Shirika la Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, mabinti wa hapa hapa, ambao wametibu na kufundisha watu hadi leo. Na wakati wa Kilasara, mwaka 1963, eneo kubwa la jimbo lilimegwa ili Arusha ijitegemee. Mwenye kuhesabu jimbo kuwa kihamba chake angeukatia mpaka huo rufaa kama watu wakataavyo rufaa za mipaka ya migomba.

Sasa tujitazame. Askofu au mchungaji akisimikwa, twampelekea gari, ng'ombe na bahasha, na hakuna aulizaye ni vya nani. Wengine husema kuuliza ni utovu wa adabu, na kwamba shukrani ni mila yetu. Mila ni njema. Lakini Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 706, ilikwisha kuliona jambo hili. Mtawa aliyepoteza haki ya kumiliki akifanywa askofu wa jimbo, apatacho baadaye hukitumia na kukisimamia, lakini umilikaji wake ni wa jimbo. Na kwa mtawa yeyote aliye askofu, kisichotolewa kwake yeye binafsi lazima kitumike kama alivyotaka mtoaji. Basi mtoaji asiposema alichotaka, amemtia kiongozi wake katika jaribu na kuwaachia warithi ugomvi. Anayeleta ng'ombe siku ya kusimikwa aandike kama ni wa mtu au wa jimbo, na karani wa parokia ayasome maandishi hayo mbele ya watu siku hiyo hiyo, kabla ng'ombe hajafunguliwa kamba.