Hull KR hawakula mbegu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu ndugu mmoja aliyeandika hapa kwamba klabu ya raga ya Hull Kingston Rovers ya Uingereza, ambayo wengi huiita Hull KR, ilipata vikombe vyake vya mwaka 2025 kwa kusajili wazee, na kwamba klabu ya namna hiyo "inakula mbegu". Ameyasema hayo kwa uhakika kama mtu aliyekwisha hesabu magunia ghalani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wala sijapata kucheza raga. Lakini tangu dada yangu alipokwenda kufanya kazi ya uuguzi katika mji huo wa Hull nimekuwa nikiifuata timu hiyo msimu hadi msimu, na hesabu yangu haifanani na ya ndugu huyo.

Kabla sijaendelea, yafaa niwaeleze wasomaji kuwa raga ninayoizungumzia ni ile ya wachezaji 13 kila upande, siyo ile ya 15 au ya saba ambayo majirani zetu wa Kenya wanaicheza sana. Timu ikikabwa mara sita inaupoteza mpira. Anayegusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani amepata trai, nayo ina pointi 4. Mkwaju unaofuata una pointi 2, na adhabu iliyopigwa katikati ya milingoti ni 2 vilevile. Hayo yanatosha kwa leo.

Mji wa Hull umegawanywa na mto. Upande wa mashariki, kwenye bandari, ni wa Hull KR wenye jezi nyekundu na nyeupe. Upande wa magharibi ni wa Hull FC, weusi na weupe. Dada yangu aliambiwa achague upande kabla hata hajanunua sufuria. Watu wa mashariki wameonja machungu mengi. Walikuwa mabingwa wa ligi mwaka 1985, kisha ikapita miaka 40 bila kikombe kikubwa. Mwaka 2015 walifika fainali ya Kombe la Challenge pale Wembley wakafungwa na Leeds 50 kwa 0. Mwaka 2016 walishuka daraja nyumbani kwao, mbele ya watu wao, kwa kufungwa na Salford 19 kwa 18 katika muda wa nyongeza. Walirudi upesi, lakini mwaka 2020 walishika mkia, na kilichowaponya ni kwamba mwaka ule wa korona hakuna aliyeshushwa.

Sasa tumtake ndugu yetu atueleze: klabu iliyoshika mkia mwaka 2020 imewezaje kutwaa Kombe la Challenge, kuongoza ligi na kushinda fainali kuu, vyote katika mwaka mmoja wa 2025? Yeye anasema ni fedha na wazee. Fedha, nasema hapana. Katika Super League ya misimu hiyo jumla ya mishahara iliwekewa mpaka wa pauni milioni 2.1, ukiacha nafuu chache kwa wachezaji wa ngazi ya pekee na vijana waliolelewa na klabu yenyewe. Wageni nao hawakuruhusiwa kuzidi saba. Wigan, St Helens na Leeds wote wamefungwa kwa kamba hiyo hiyo. Kwa hiyo anayesajili vibaya hawezi kujificha nyuma ya mfuko wa tajiri.

Mimi huanza kutoa alama pale ambapo magazeti hayakupiga kelele. Jez Litten na Dean Hadley wametoka Hull FC, yaani wamevuka mto tu. Elliot Minchella alitoka Bradford, timu ambayo wakati ule ilikuwa daraja la pili, na baadaye akawa nahodha. Hakuna aliyekwenda kuwapokea stesheni kwa ngoma. Lakini hao ndio waliokuwapo siku za kufungwa na wakawapo siku za kushinda, na kila mgeni aliyekuja baadaye alikuta nyumba ina watu. Litten hasa. Kazi yake ni kuokota mpira kila mara mwenzake anapokabwa na kuamua uende wapi, mara nyingi mno katika mechi moja, na nani anamwimba? Katika daftari langu watatu hawa nimewapa alama za juu kabisa, na ndugu yetu katika barua yake yote hakuwataja hata mmoja.

Mwaka 2021 alikuja Ryan Hall, winga ambaye jina lake lilikuwa kubwa tangu alipokuwa Leeds, na mwaka 2022 akaja Lachlan Coote, aliyekuwa ametoka kushinda fainali kuu tatu mfululizo na St Helens. Hall alitimiza alichoitiwa. Coote alipata mapigo ya kichwa hata ikambidi aache mchezo kabisa mwaka 2023. Je, huo ulikuwa usajili mbaya? Matokeo yake ni mabaya, hilo silikatai. Lakini mwalimu akimsahihishia mwanafunzi aliyeugua katikati ya mtihani hawezi kuandika "mvivu". Walihitaji beki wa nyuma mwenye akili tulivu, wakamchukua aliyekuwa bora. Yaliyofuata hayakuwa mikononi mwa aliyetia saini.

Mwaka huo huo wa 2023, kocha Willie Peters akiwa ndiyo kwanza ameingia, wapangaji wa mchezo walipungua kwa majeraha. Wakamleta kijana kutoka Canberra, Brad Schneider, kwa muda mfupi. Katika nusu fainali ya Kombe la Challenge dhidi ya Wigan yeye ndiye aliyepiga pointi moja ya ushindi katika muda wa nyongeza, 11 kwa 10. Kisha msimu ukaisha akaenda zake. Mimi naupenda usajili wa namna hii kuliko yote, maana ni kama kuazima jembe la jirani siku ya mvua: umelima na umelirudisha. Fainali yenyewe walifungwa na Leigh 17 kwa 16, kwa pointi moja ya muda wa nyongeza. Watu wa mashariki walirudi nyumbani kimya tena.

Hapo ndipo naomba wasomaji wanifuate kwa makini. Kwa msimu wa 2024 walikuja Peta Hiku kutoka North Queensland, Tyrone May kutoka Catalans, Joe Burgess kutoka Salford, Niall Evalds kutoka Castleford. Karibu wote ni wa safu ya nyuma, wale wa mbio na pasi. Matunda yalionekana: walimaliza wa pili, wakafika fainali kuu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Kule Old Trafford, Wigan wakawafunga 9 kwa 2. Dakika 80 nzima hawakupata trai hata moja. Mbio zilikuwapo na pasi zilikuwapo. Katika mechi ile nilichoona kimepungua ni watu wa kukaa katikati mambo yanapokuwa mazito, watu ambao wamekwisha kuwa katika siku kama ile mara nyingi hata mapigo ya moyo hayawaendi mbio.

Sasa tazama waliosajiliwa kwa 2025. Jared Waerea-Hargreaves, mzito wa mbele kutoka Sydney Roosters, mwenye mataji matatu ya ligi ya Australia (2013, 2018 na 2019), umri wake miaka 36. Michael McIlorum kutoka Catalans, miaka 37, kuchukua nafasi ya Matt Parcell na kupokezana na Litten. Rhyse Martin kutoka Leeds, nahodha wa timu ya taifa ya Papua New Guinea, mpigaji wa mikwaju. Tom Davies kutoka Catalans, winga. Ndugu yetu amewashika wawili wa kwanza kwa umri wao akawafanya ndio habari yote. Amesahau, au hakutaka kuona, kwamba mwaka huo huo klabu ilimwacha Ryan Hall arudi Leeds akiwa na miaka 37, na aliyekuja kuikamata kazi ya uwinga, huyo Davies, ni mdogo kwake kwa karibu miaka tisa. Klabu inayopenda uzee kwa ajili ya uzee ingemwacha Hall aende?

Tarehe 7 Juni 2025 ilikuwa fainali ya Kombe la Challenge, Wembley, dhidi ya Warrington. Zikiwa zimebaki dakika chache Warrington walikuwa mbele 6 kwa 2, na dada yangu aliniandikia ujumbe wa neno moja: "Tena." May akapiga mpira wa chini nyuma ya ulinzi, mabeki wakababaika, Davies akauangukia. Trai. Matokeo 6 kwa 6, na mkwaju ukawa wa Martin, kutoka pembeni ambako hata mtu asiyejua raga angeona kuwa ni pagumu. Akaupitisha. Ikawa 8 kwa 6. Aliyepiga, aliyeangukia na aliyemalizia, wote watatu walisajiliwa katika misimu miwili ile ya mwisho. Lakini asiniambie mtu kwamba wamenunua kikombe. Kwa dakika zaidi ya 70 mechi ile ilishikiliwa na watu wa kukaba, wakiwamo wale waliovuka mto, la sivyo trai ile moja isingetosha kitu.

Katikati ya msimu wakamwongeza Arthur Mourgue, Mfaransa wa Catalans, acheze nyuma kabisa. Huyo naye si mzee. Oktoba wakakutana na Wigan wale wale Old Trafford, mara hii 24 kwa 6.

Nije kwenye neno lenyewe la mbegu. Mbegu ya Hull KR inaitwa Mikey Lewis. Ni mtoto wa mji huo, alianza kuchezea timu ya wakubwa mwaka 2019 akiwa bado kijana mdogo, na mwaka 2024 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Usajili wote nilioueleza ulizunguka kijana huyu. May aliwekwa kando yake ili apunguziwe mzigo wa kupanga. Wazito waliletwa mbele ili yeye apate nafasi ya kukimbia. Wangekuwa wanakula mbegu, mtu wa kwanza kuwekwa benchi angekuwa yeye, kwa kupisha mgeni mwenye jina. Mwaka 2021 chama cha mchezo huo kule Uingereza kilikataa kuipa klabu leseni ya kulea vijana wa ngazi ya juu. Klabu ikapiga kelele mpaka uamuzi ule ukabadilishwa. Klabu yenye nia ya kuishi kwa wazee haigombani na wakubwa kwa ajili ya leseni ya watoto.

Hata hivyo sitaki kuonekana kama msemaji wao. Lipo jambo moja linanitia shaka. Mtu wa miaka 37 unamsajili kwa kazi ya msimu mmoja au miwili, na pengo lake linafunguka upya mara tu anapovua viatu. Kikombe hakilizibi. Shaka yangu nyingine ni katika wazito wa mbele. Vijana wa Hull waliolelewa na klabu hawajatoka mahali hapo kwa wingi kama ningependa, wakati Wigan kila baada ya muda mfupi wanatoa kijana wao. Hapo nimewapa alama ya wastani, na nisingeshangaa mkaguzi mkali kuliko mimi akiipunguza.

Lakini hayo siyo aliyoyaandika ndugu yetu. Yeye amehesabu miaka ya kuzaliwa ya watu wawili akatoa hukumu juu ya misimu mitano. Basi namwomba aandike tena hapa hapa, na safari hii anitajie jina la kijana hata mmoja wa Hull KR aliyestahili kucheza mwaka 2025 akanyimwa nafasi kwa sababu ya Waerea-Hargreaves au McIlorum. Akimpata, mimi nitakuwa wa kwanza kuisoma barua yake.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ludewa.