Ligi ya Pili ya Scotland: Hofu ya nafasi ya kumi

Mwanzoni mwa Agosti 2025 vilabu kumi vitaanza msimu mpya wa Ligi ya Pili ya Scotland, ambayo licha ya jina lake ni daraja la nne na la mwisho katika ligi za kulipwa za nchi hiyo, zinazosimamiwa na SPFL. Kila timu itakutana na kila mpinzani mara nne, jumla ya mechi 36, na bingwa atapanda daraja moja kwa moja kama ilivyofanya Peterhead msimu uliopita. Hata hivyo, katika miji mingi yenye timu kwenye ligi hii, swali linaloulizwa kabla ya mpira kuanza kuchezwa si nani atakuwa wa kwanza. Ni nani atakuwa wa kumi.

Hofu hiyo ina umri wa miaka kumi tu. Tangu msimu wa 2014-15, timu inayomaliza mkiani hulazimika kuitetea nafasi yake katika mchujo wa mechi mbili, nyumbani na ugenini, dhidi ya bingwa kutoka nje ya SPFL. Kabla ya hapo, kuburuza mkia kulikuwa ni aibu tu. Timu iliweza kumaliza ya mwisho mwaka hadi mwaka na bado ikaanza Agosti ikiwa na haki sawa na wenzake. Mgeni aliingia pale ligi ilipopanuliwa au klabu ilipokufa, kama mwaka 2008 ambapo Annan Athletic ilirithi nafasi iliyoachwa wazi na kuanguka kwa Gretna.

Tangu utaratibu ubadilike, vilabu sita vimetoka kupitia mlango huo: East Stirlingshire mwaka 2016, Berwick Rangers 2019, Brechin City 2021, Cowdenbeath 2022, Albion Rovers 2023 na, mwaka huu, Bonnyrigg Rose. Hadi sasa hakuna hata kimoja kilichorejea.

Si vilabu visivyo na historia. Agosti 2012 East Stirlingshire ilicheza mechi ya ligi katika uwanja wa Ibrox mbele ya watazamaji zaidi ya 49,000, wakati Rangers ilipolazimika kuanzia daraja la nne baada ya kampuni iliyoiendesha kufilisika. Miaka minne baadaye ilikuwa nje. Cowdenbeath, timu ya mji wa wachimba makaa ya mawe, ilikuwa daraja la pili msimu wa 2014-15 pamoja na Rangers, Hearts na Hibernian. Brechin nayo ilikuwa daraja hilo msimu wa 2017-18, ikamaliza mechi zote 36 bila ushindi hata mmoja, ikaendelea kuporomoka, na baada ya misimu mitatu mingine ikawa imetoka kabisa. Berwick ina kisa cha peke yake: mji wenyewe uko upande wa Uingereza wa mpaka, lakini timu yake imecheza katika ligi za jirani kwa miongo mingi, na mwaka 1967 iliitoa Rangers katika Kombe la Scotland kwa bao 1-0.

Kwa nini hawarudi? Jibu liko katika njia yenyewe. Chini ya SPFL kuna ligi mbili zinazolingana hadhi, Highland kwa upande wa kaskazini na Lowland kwa upande wa kusini. Kuwa bingwa wa mojawapo hakutoshi. Mabingwa hao wawili hukutana kwanza, na mshindi wao ndiye anayepata ruhusa ya kupambana na timu ya kumi. East Kilbride, klabu iliyoundwa mwaka 2010 na ambayo sasa inaingia Ligi ya Pili kwa mara ya kwanza, ilitwaa ubingwa wa Lowland mara nne ili kupata nafasi hiyo. Mwaka 2017 ilitolewa na Cowdenbeath kwa mikwaju ya penalti, mwaka 2019 ikasimamishwa na Cove Rangers katika hatua ya mabingwa, mwaka 2024 ikashindwa na Stranraer, na mwaka huu ndipo ilipoiangusha Bonnyrigg.

Wanaoutetea mlango huu mwembamba husema kwamba soka la nje ya SPFL halijafikia kiwango. Matokeo hayawaungi mkono. Cove Rangers na Kelty Hearts kila moja ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Pili katika msimu wake wa kwanza, na Spartans ilifika kwenye mchujo wa kupanda daraja. East Kilbride basi haiji kujifunza, na wanaoiweka miongoni mwa timu zenye nafasi ya ubingwa hawakosei. Ugumu ni kwamba mabadiliko ya kanuni za SPFL huamuliwa kwa kura za vilabu vyenyewe, na mwamba ngoma huvutia kwake: ni klabu gani ya daraja la nne itakayopigia kura hatari ya kuanguka kwake yenyewe bila hata mchujo?

Bonnyrigg ingeweza kueleza upande wa pili wa mambo. Iliingia mwaka 2022 kwa kuitoa Cowdenbeath, na msimu uliopita ikapokonywa pointi 6 kwa sababu mteremko wa uwanja wake ulizidi kiwango kinachoruhusiwa na kanuni. Kwa klabu ndogo, kusawazisha uwanja si kazi ya wikendi moja. Kupanda, kumbe, kuna gharama zake.

Msimu huu walio hatarini ni wengi. Dumbarton, bingwa wa ligi ya kwanza kabisa ya Scotland pamoja na Rangers mwaka 1891, iliwekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi Novemba mwaka jana, ikakatwa pointi 15 na kushuka daraja. Clyde, iliyowahi kutwaa Kombe la Scotland mara tatu, haina uwanja wake. Stranraer ilinusurika katika mchujo mwaka jana, na safari yake ya kwenda Elgin huvuka nchi kwa zaidi ya kilomita 400, mzigo mzito kwa wachezaji ambao wengi wao wana kazi nyingine za kuwapatia riziki.

Yeyote atakayeanguka atakuta msongamano. Brechin bado inahangaika katika Ligi ya Highland, ambayo haijapandisha bingwa wake tangu Cove mwaka 2019. East Stirlingshire, Berwick, Cowdenbeath, Albion Rovers na Bonnyrigg zote zitaanza msimu katika Ligi ya Lowland, na ubingwa wake ni mmoja.