Israfu Katika Kutembeza Watoto



Mwanafunzi wangu wa zamani, aishiye Marekani na mkewe na watoto wao wawili, ameniandikia kunitaka shauri. Watoto wamlilia awapeleke Disney World, huko Florida, kwa kuwa wenzao wa shule wameshakwenda. Pesa hizo hana, ila anayo kadi ya benki ya kukopea. Je, akope kwa riba ili watoto wafurahi? Nimeona jawabu niwape na nyinyi, kwani wengi wetu tuna jamaa huko, na hata hapa kwetu watu wameanza kupimana kwa safari.

Natutazame kwanza hisabu. Bustani ile ilifunguliwa Oktoba 1971, na kiingilio cha mtu mzima kilikuwa dola 3.50, michezo ikilipiwa mbali. Disemba 2022 kiingilio cha siku moja kilifika dola 189 katika siku za sikukuu. Watu wanne ni dola 756, nao hawajala wala hawajapata pa kulala. Utasema thamani ya pesa imeshuka. Ni kweli, lakini zizidishe zile dola 3.50 mara 8, utapata 28 tu.

Wala hayo si mwisho. Tangu 1999 mgeni alikuwa akiwekewa nafasi bure, asisimame mno katika foleni. Mwaka 2021 fadhila hiyo ikageuzwa bidhaa. Leo baba hulipa tena, kisha siku kadhaa kabla ya safari akakaa na simu tangu saa moja ya asubuhi kugombania saa za kupanda michezo. Aliyekodi katika hoteli zao hufunguliwa mlango siku 7 kabla. Mwingine siku 3. Je, haya ni mapumziko au ni kazi?

Linaloniudhi zaidi ni foleni yenyewe. Mtoto wa maskini asimama saa nzima, na mtoto wa tajiri apita ubavuni mwake kwa kuwa babake ameongeza dola. Sisi msikitini twawasimamisha watoto wetu safu moja, mwana wa hamali bega kwa bega na mwana wa tajiri. Vipi tukope ili tuwafundishe kinyume chake?

Wako watakaosema, "Masheikh hawataki watoto wacheze." Huo ni uwongo. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na mjukuu wake alimpanda mgongoni naye yumo katika sijida. Mwenye uwezo, asiye na deni, akenda, sina la kumlaumu. Ninalolipinga ni baba kuingia katika riba kwa sababu jirani kaenda. Mtume huyo huyo alikuwa akijikinga kwa Mola wake na deni ndani ya sala.

Basi nimemjibu hivi: usikope. Wapeleke watoto ufukweni na chakula kilichopikwa nyumbani, simu uiwache, ucheze nao wewe mwenyewe. Waambie wazi kwamba pesa hizo huna. Kusema kweli mbele ya mwanao si aibu. Sisi tuliokulia Mombasa hatuzikumbuki bei za bembea za Idi pale Makadara. Twamkumbuka aliyetushika mkono.

Mwenyezi Mungu atuepushe na israfu na deni, sisi na vizazi vyetu. Amin.