Daktari wa Kesho, Wacha Kujiandikia Dawa

Wasee mnaosomea udaktari, leo ni zamu yenu. Mafua yakikushika wiki ya mtihani, unaingia kemisti, unaitisha Amoxil kama mtu anaagiza chapo madondo. Hakuna anayekuuliza karatasi ya daktari. Unameza siku mbili, ukiskia nafuu unamwachia rumeti zilizobaki. Hapo umejitibu? Zii. Mafua ni virusi, na antibayotiki haiui virusi. Ungepona tu bila hiyo dawa. Ulichofanya ni kuwapa bakteria walio mwilini mwako nafasi ya kuizoea.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya kuhusu hii mambo mwaka 1945 kwenye hotuba yake ya Nobel. Na nyinyi mnaosomeshwa hayo darasani ndio mnajifanya hamjaskia!

Najua mtasema, “Wewe uliacha chuo, utatufunza nini?” Sawa. Lakini bakteria hawaulizi kitambulisho cha chuo. Wakishazoea dawa hawabaki hosteli. Wanapanda matatu na sisi, wanamfikia mtoto wa mtu mwenye nimonia, na dawa inagoma.

Kesho utavaa koti jeupe utuambie tumalize dozi. Anza na wewe.